CD4093 inashindwa kuishusha 74LS90: jibu kwa fundi wa Kibaigwa

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi redio hapa Kibaigwa. Nimetengeneza kihesabu magunia cha kufunga mlangoni mwa ghala, ili karani na dereva wasigombanie idadi. Miale ya infraredi inakatwa na gunia likiwa begani kwa kuli, sensa inapeleka kwenye CD4093 (chipu ya kusafisha mapigo) ya volti 5, na kutoka hapo waya unakwenda moja kwa moja mguu wa 14 wa 74LS90 (chipu ya kuhesabu), halafu 74LS47 (chipu ya kuwasha tarakimu) na tarakimu tatu. Hizo LS nimezing'oa kwenye mashine ya zamani. Asubuhi hesabu iko sawa. Kuanzia saa saba mchana inaruka: lori la magunia 300 lilisoma 287, na mara mojamoja inazidisha. Nimebadilisha 4093 mara tatu. Rafiki akaniambia niweke rezista ya kilo-omu 1 kutoka mguu wa 14 kwenda volti 5. Nikaweka, ikagoma kabisa. Sasa nataka kuipandisha 4093 iende volti 12, maana waya wa sensa ni mita 15 na unaokota kelele, kisha nishushe kwa rezista mbili. Nilisoma kwamba chipu ya 4000 inaweza kuendesha LS moja. Nakosea wapi?"

Marahaba mwanangu, na mbukwenyi huko Kongwa. Umeuliza vizuri, kwa sababu umetaja namba za miguu, saa ya tatizo na kile ulichokwisha kujaribu. Acha kununua 4093. Zote tatu ulizozitoa huenda ni nzima, ziweke kwenye kopo lako la akiba.

Ulichosoma ni kweli, ila kimekufikia nusu. Chipu ya mfululizo wa 4000, kama 4093 yako, ni ya familia ya CMOS, na LS ni tawi la familia ya TTL. Chipu ya 4000 inaendesha ingizo moja la kawaida la LS. Mguu wa 14 wa 74LS90 si ingizo la kawaida. Hapo ndipo magunia 13 yalipopotelea.

Watu wengi wakiunganisha CMOS na TTL huanza na kuishia kwenye volti. Wanaangalia kwamba TTL inataka chini ya 0.8 ili isome "chini", na juu ya 2.0 ili isome "juu". Kisha wanaona CMOS ya volti 5 inatoa karibu sifuri na karibu tano, wanasema mambo yamekwisha. Kwa volti peke yake, kweli yamekwisha. CMOS inampa TTL zaidi ya anachoomba pande zote mbili. Shida iko kwenye mkondo, hasa njia unayopita.

Ingizo la CMOS ni geti lililotenganishwa kwa tabaka la oksaidi. Ukiliweka juu au chini, haliombi karibu kitu. Ingizo la TTL limejengwa kwa namna nyingine. Ndani yake kuna rezista inayotoka kwenye volti 5, inapita kwenye transista au dayodi, na kutokea kwenye mguu wenyewe. Kwa hiyo ukilishusha ingizo hilo chini, linatema mkondo kuja nje, na anayelishusha ndiye lazima aumeze wote. Asipoumeza, volti ya mguu inapanda. Umeona makorongo yetu mvua za Januari. Kalavati likiwa jembamba kuliko maji yanayokuja, maji hayasimami kuligoja, yanapanda hadi juu ya barabara.

Sasa tuhesabu kalavati lako. CD4093 ikiwa kwenye volti 5, na unataka towe lake libaki 0.4 au chini yake, imehakikishiwa kumeza miliampia 0.44 hadi 0.51 katika nyuzi joto 25, kutegemea mtengenezaji. Chipu ikipata moto kiasi hicho hupungua. Kwa ile ya 0.51, ikifika nyuzi 85 inabaki 0.42. Ingizo la kawaida la LS linatema si zaidi ya 0.4. Unaona sasa kwa nini wanasema "LS moja". Ni 0.42 dhidi ya 0.4, imepita kwa upenyo wa sindano. Ingizo la TTL ya zamani isiyo na herufi LS hutema hadi 1.6, na hiyo 4000 ya kawaida haiiwezi hata kwenye baridi.

Chukua basi karatasi ya vipimo ya 74LS90 na usome mstari wa mkondo wa ingizo likiwa chini. Utakuta umegawanywa mara tatu. Miguu ya kufuta, hadi 0.4. Kloki ya kwanza, yaani mguu wako wa 14 unaopokea mapigo ya kuhesabiwa, hadi 2.4. Kloki ya pili, mguu wa 1, hadi 3.2. Mguu mmoja wa kloki una uzito wa maingizo sita ya LS! Umeikabidhi 4093 mzigo ambao ni karibu mara tano ya uliohakikishiwa. Mguu wa 1 haukusumbui kwa sababu unaendeshwa na mguu wa 12 wa chipu ileile, nao umetengenezwa ukijua una kazi hiyo.

Utaniuliza, mbona asubuhi kinafanya kazi? Kwa sababu namba za karatasi ni dhamana ya chipu mbaya kuliko zote zilizoruhusiwa kutoka kiwandani. 4093 ya kawaida humeza karibu miliampia 1 kwenye 0.4, na zaidi ya hapo volti ikipanda kidogo. LS90 ya kawaida nayo hutema pungufu ya 2.4. Zikikutana mbili nzuri, mguu wa 14 unashuka hadi mahali pa mashaka, karibu na 0.8, na kihesabu kinasoma. Kisha jua la Kibaigwa linapiga boksi lako, ambalo nadhani ni la bati na limefungwa, na ndani yake kuna 7805, ile chipu ya kushusha umeme hadi volti 5, inayochoma na LS kadhaa zinazokula umeme muda wote. Joto linafanya mambo mawili kwa pamoja. Transista za CMOS zinapunguza uwezo wa kumeza, hivyo volti ya chini inapanda. Na ndani ya LS, volti kati ya beizi na emita inapungua kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, hivyo kizingiti cha kusoma "chini" kinashuka. Sakafu inapanda na dari linashuka, nafasi uliyokuwa nayo asubuhi inaisha. LS90 huhesabu pale kloki inaposhuka kutoka juu kwenda chini. Isiposhuka vya kutosha, gunia limepita bila kuandikwa. Na ikining'inia karibu na kizingiti wakati lori linawashwa, kelele kidogo inatosha kuivusha kizingiti mara mbili, gunia moja likaandikwa mawili. Kupungua na kuzidi vimetoka chanzo kimoja.

Usiniamini kwa maneno, pima. Boksi likiwa limeshapata moto, ziba miale kwa kipande cha kadibodi, au uiachie, hadi upate ile hali ambayo towe la 4093 liko chini na limetulia. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye mguu wa 10 wa LS90, ambao ndio ardhi yake, na mwekundu kwenye mguu wa 14. Ukisoma 0.4 au chini, nitakuwa nimekosea na tutatafuta kwingine. Ukisoma 0.7, 0.8 au zaidi, umemwona mwizi wa magunia. Kisha zima, ondoa waya wa 4093 kwenye mguu wa 14, geuza mita iwe ya miliampia kwenye skeli ya 20, na uiunganishe kati ya mguu wa 14 na ardhi, uwashe. Namba utakayoiona ni mkondo ambao LS90 yako inautema hasa. Iandike kwa kalamu juu ya mfuniko wa boksi. Ukimaliza, usisahau kurudisha waya wa mita kwenye tundu la volti, maana mita nyingi zimekufa kwa kusahauliwa hapo.

Ile rezista ya kilo-omu 1 ya rafiki yako ni dawa ya ugonjwa mwingine. Inatumika pale TTL inapoendesha CMOS, kwa sababu towe la LS likiwa juu limehakikishiwa volti 2.7 tu, na CMOS ya volti 5 inataka 3.5. Hapo rezista inasaidia kuvuta juu. Wewe unakwenda upande wa pili, na volti ya towe lako likiwa juu ilikuwa tayari inatosha. Ulichofanya ni kuongeza mzigo wa kumeza. Volti 5 juu ya kilo-omu 1 ni miliampia 5 nyingine, juu ya zile zilizokwisha kumshinda. Lazima ingegoma. Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie 74HCT, tawi jingine la CMOS, kwa kusikia kwamba "HCT ndiyo ya TTL". Ubora wake uko kwenye kusikia, inapokea viwango vya TTL. Kwenye kutoa iko sawa na 74HC.

Sasa tuje kwenye volti 12. Mawazo yako ni mazuri na nakuunga mkono. Waya wa mita 15 kando ya malori unahitaji ukinzani dhidi ya kelele, na 4093 inautoa kwa ile tofauti kati ya kizingiti cha kupanda na cha kushuka. Tofauti hiyo kwa kawaida ni kama volti 0.9 chipu ikiwa kwenye 5, na kama 2.3 ikiwa kwenye 10. Kwenye 12 utakuwa na zaidi ya maradufu ya ulichonacho leo. Betri ikichajiwa hadi 14.4 bado chipu inavumilia.

Lakini rezista mbili, hapana. Hili naomba ulielewe kwa namba, kwa sababu ni kosa ambalo hata vitabu vya wanafunzi hulipita haraka. Tuseme umechagua kilo-omu 10 juu na 6.8 chini. Towe la 4093 likiwa 12, katikati unapata karibu 4.9, safi kabisa. Likishuka sifuri, rezista zote mbili zinakuwa kama zimefungwa ardhini pamoja, na LS inaona njia ya kilo-omu 4 hivi ya kutemea mkondo wake. Hata ingizo la kawaida la 0.4, ukizidisha kwa 4, unapata volti 1.6. Kwa kweli mkondo hupungua kadiri volti inavyopanda, hivyo hutaikuta 1.6 kamili, ila dhamana ya kubaki chini ya 0.8 umeshaipoteza. Na kloki ya LS90 hutema hadi mara sita ya hapo. Ukisema upunguze rezista hadi ziweze kumeza 2.4 bila kuvuka 0.4, utahitaji njia isiyozidi omu 167 au hivi. Hapo towe likiwa juu, 4093 italazimika kusukuma kama miliampia 17, kazi isiyoiweza. Kugawa volti kwa rezista ni njia nzuri kuingia kwenye CMOS. Kuingia kwenye TTL ya aina hii haifai.

Dawa yako ni chipu moja tu, CD4050. Ni ya familia ileile ya 4000, ila ilitengenezwa kwa kazi hii hasa. Ina milango sita isiyogeuza, na kila mmoja ukiwa kwenye volti 5 umehakikishiwa kumeza miliampia 3.2 kwa 0.4 katika nyuzi joto 25. Una akiba ya 0.8 juu ya LS90 mbaya kuliko zote. Jambo la pili, maingizo yake hayana ile dayodi ya kuelekea chanya ambayo CMOS nyingine huwa nayo, hivyo yanaruhusiwa kupanda juu ya volti ya chipu yenyewe. Unaipa 4050 volti 5, unaiingizia volti 12 kutoka 4093, nayo inatoa 5 safi kwa LS. Matatizo yako yote mawili yamekwisha kwa soketi moja. Ukitaka usalama zaidi, unganisha milango miwili sambamba, ingizo kwa ingizo na towe kwa towe, ndani ya chipu hiyohiyo, na uwezo unakuwa mara mbili. CD4049 ni ndugu yake anayegeuza. Ukiikosa 4050, tumia 4049, ila kumbuka kihesabu kitaandika gunia linapotoka kwenye miale badala ya linapoingia au kinyume chake, jambo ambalo kwako halina madhara.

Hapa nisikilize vizuri, kwa maana nimeona mafundi wazuri wakiichoma kazi yao. Chipu nyingi za miguu 16 hupokea chanya mguu wa 16. 4050 na 4049 hazifanyi hivyo. Chanya ni mguu wa 1, ardhi ni mguu wa 8, na mguu wa 16 haujaunganishwa na kitu ndani. Mguu wa 13 nao ni mtupu. Nililetewa hapa karakanani Majengo bodi ambayo mwenyewe alikuwa ameipa volti mguu wa 16 akashangaa kwa nini towe linafuata ingizo kwa uvivu, dhaifu, kama linaota. Chipu haikuwa na chakula kabisa. Tulihamisha waya mmoja, ikaamka. Maingizo ni miguu 3, 5, 7, 9, 11 na 14. Yale usiyoyatumia yafunge ardhini, usiyaache yakielea. TTL ikielea huwa inajifanya juu na mara nyingi utanusurika. CMOS ikielea inatangatanga, inakula umeme, na kiangazi chetu kikavu umeme wa nguo na nywele unaweza kuiua kabla hujaifunga. Gusa kitu cha chuma kilichofungwa ardhini kabla ya kuishika.

Kama 4050 haipatikani kwa wauzaji wako wiki hii, transista moja inatosha. BC547, emita ardhini, kolekta kwenye mguu wa 14, rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka kolekta kwenda 5, na kilo-omu 22 kutoka towe la 4093 ya volti 12 hadi beizi. Beizi inapata kama nusu miliampia. Kolekta inameza 1 ya rezista na hadi 2.4 ya LS90, jumla kama 3.5. Inahitaji kukuza mara saba tu, na BC547 inafanya mara mia na zaidi, kwa hiyo itashuka hadi volti 0.2 hivi na kukaa hapo. Kwa upande wa juu kloki inaomba mikroampia 40, rezista inapoteza volti 0.2, unabaki na 4.8. Nayo inageuza, kama 4049.

Njia ya tatu ni kuitoa 4093 na kuweka 74HC132 ya volti 5, yenye lojiki ileile na uwezo wa kumeza miliampia 4. Inafaa kama ukiamua kubaki volti 5, ila miguu yake si ileile. Mlango wa pili wa 4093 huingia 5 na 6 na kutoka 4, wa HC132 huingia 4 na 5 na kutoka 6. Ukiichomeka kwenye soketi ya 4093 utapigisha matowe kwa matowe. Na kamwe usiipe HC volti 12, mwisho wake ni 6.

Kuna vijana watakwambia tupa vyote weka mikrokontrola. Si ushauri mbaya, na hata ile ya volti 3.3 inaweza kuendesha LS moja kwa moja, maana TTL inataka 2.0 tu kwa juu. Lakini hesabu ya mkondo wa kumeza utaifanya palepale, hakuna kifaa kinachokusamehe hilo. Mimi kama ningekuwa naanza upya na betri ya sola, ningetumia CMOS tupu kuanzia sensa hadi CD4511 kwenye tarakimu, kwa sababu kila LS90 inakula kama miliampia 9 hata ghala likiwa limefungwa. Wewe LS unazo tayari na bodi imesimama. Imalize hii.

Mambo mawili madogo kabla hujafunga boksi. Hasi ya 12 na hasi ya 5 lazima ziwe moja, waya mnene, zikutane karibu na 7805. Na kila LS iwekee kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya chanya na ardhi yake, miguu mifupi. Kwa LS90 ni mguu wa 5 na wa 10, si pembeni kama ulivyozoea. Miguu 2, 3, 6 na 7 ya kufuta iwe ardhini kwa hakika. Hiyo ya kurudisha sifuri ikihitaji kitufe, iwe na rezista ya omu 470 kwenda ardhini, maana nayo inatema. Toboa boksi matundu chini na juu hewa ipite, na uliweke upande wa mlango usiopigwa na jua la alasiri.

Halafu lijaribu saa nane mchana, siyo asubuhi. Pima tena mguu wa 14 ukiwa chini, boksi likiwa la moto. Unatakiwa kusoma 0.4 au chini ya hapo. Ukipata, simama mlangoni na daftari, hesabu lori zima kwa kalamu pamoja na mashine, na uniandikie namba mbili ulizopata.